Karatasi ya Pili

Philippe ndiye mwanaume pekee ninayemjua hapa Likasi anayekabidhiwa bidoni la plastiki la lita ishirini za alkoli kila mwezi na bado anarudi nyumbani amenyooka. Tunamtania hivyo tangu zamani, naye hajawahi kucheka. Kwenye karatasi za ajira anaitwa préparateur, mchanganyaji wa dawa. Sisi wa zahanati tunamwita mtu wa alkoli. Ana miaka sitini na mmoja, mikono mikubwa isiyotetemeka, na tabia ya kukusahihisha hata pale ulipokuwa unamsalimia tu. Mimi ni Michelle. Nafunga vidonda katika chumba kilicho jirani na farmasi yake, na nimegombana naye kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu.

Watu hudhani alkoli kali ndiyo dawa. Wachimbaji wa Kamatanda wanapoletwa na vidole vilivyopasuliwa na mawe, huniomba niwamwagie ile ya kwenye bidoni, ile yenye nguvu zake zote. Philippe akiwasikia anakuja mlangoni kutoa somo, hata kama mtu anavuja damu. Alkoli ya digrii tisini na tano, anawaambia, inaukausha mwili wa kijidudu kwa nje tu, kijidudu kinajifungia ndani na kuishi. Ya digrii sabini ina maji ya kutosha kupenya mpaka moyoni. Kwa hiyo kila alkoli inayoingia kwetu lazima ipunguzwe ukali, na kupunguza ukali ni hesabu.

Hesabu yenyewe nimeisikia mpaka nimeichoka. Unachukua kiasi unachotaka, unazidisha kwa digrii unazotaka, unagawa kwa digrii ulizonazo. Ukitaka lita tano za sabini kutoka kwenye ya tisini na tano, tano mara sabini ni mia tatu na hamsini. Gawa kwa tisini na tano, unapata lita tatu na mililita mia sita themanini na nne. Hiyo ndiyo alkoli unayoimimina kwanza. Halafu unaongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka mstari wa tano. Philippe hukazia hapo: mpaka mstari, wala usipime maji pembeni ukadhani yatatosha. Alkoli na maji vikikutana hupata joto kidogo, kisha hunywea, na nusu lita juu ya nusu lita haifiki lita nzima. Aliponionyesha mara ya kwanza nilimwambia amemwaga, akaninunia wiki nzima.

Kuna sheria moja katika farmasi ile ambayo iliwekwa na mtawa aliyeifungua, miaka mingi kabla yetu. Hesabu hufanywa na watu wawili. Kila mmoja anasoma bidoni kwa macho yake, anachukua karatasi yake, anampa mwenzake mgongo, anakokotoa kimya. Wakimaliza wanaziweka karatasi mezani zimefunikwa, halafu wanazigeuza pamoja. Zikilingana, wanamimina. Zikitofautiana, hakuna anayesema amepata nini wala wapi; wote wawili wanaanza upya. Nilipoisikia niliona ni mchezo wa watoto wa shule. Lakini kwa miaka ishirini na mitatu hakuna chupa iliyotoka mle ikiwa na kosa, na hilo siwezi kulikana hata nikiwa na hasira naye.

Mtu wa pili alikuwa Rosalie. Alikuja kutoka Bukavu akiwa msichana mwenye cheti cha maabara na ulimi mkali, akapewa kigoda cha upande wa dirishani. Mwaka wa nne Philippe aligeuza karatasi yake siku moja, na chini ya jibu alikuwa ameandika kwamba anataka kumwoa. Rosalie alisoma namba, akasoma maneno, akasema, "Calcul ni sawa. Mimina." Basi. Mwanaume yule alimimina alkoli siku nzima bila kujua kama ana mke au hana. Kesho yake, karatasi ya Rosalie ilipogeuzwa, chini ya jibu kulikuwa na neno moja la kukubali. Hivyo ndivyo walivyooana, na hivyo ndivyo walivyomzaa Jenny, ambaye sasa ameolewa Kolwezi.

Walikuwa wawili tofauti kabisa. Philippe alikuwa mkono, Rosalie alikuwa jicho. Yeye ndiye aliyekuwa akiligeuza bidoni kila linapofika, akaisoma lebo kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo la ndoa kanisani, hata pale ambapo mabidoni mia moja yaliyotangulia yalikuwa yameandikwa kitu kilekile. Philippe alikuwa akilalamika kwamba anamchelewesha. Alilalamika kwa miaka ishirini na mitatu, na leo angetoa jino la mbele ili acheleweshwe tena asubuhi moja tu.

Novemba ya mwaka juzi dada yake Rosalie, anayeitwa Sylvie, alianguka kule Bukavu na upande mmoja wa mwili ukafa. Hakuwa na mume wala mtoto. Rosalie aliondoka kwa ndege na sanduku dogo, nguo za miezi miwili. Alimwambia Philippe asimwage mchuzi kwenye shuka na asisahau kusoma bidoni. Kisha vita vikaingia Bukavu, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na miezi miwili ikawa minne, ikawa minane, ikawa mwaka na kupita. Wapo waliotoka kwa kuzunguka nchi za jirani, lakini mgonjwa wa kubebwa hazungushwi hivyo, na Sylvie hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani.

Nilimwona Philippe akipungua, ingawa si kwa namna ya kusimulia barabarani. Alikuja kazini saa ileile, shati limepigwa pasi, ila mistari ya pasi ilikuwa miwili kila mkono. Alikoma kunisahihisha. Siku niliyosema makusudi kwamba alkoli na spiriti ya taa ni kitu kimoja, alisema "labda," akaendelea kufuta chupa. Nilienda chooni nikalia kidogo, mimi ambaye sipendi kulia.

Juu ya karatasi ya pili hatukuuliza. Kila mtu alidhani mtu mwingine ameichukua kazi ile. Chupa ziliendelea kutoka, lebo zimeandikwa vizuri, na karatasi mbili ziliendelea kubandikwa kwenye daftari kama kawaida. Halafu asubuhi moja niliingia farmasi bila kubisha, nikitaka shashi. Nikamkuta Philippe ameketi kwenye kigoda cha dirishani, ameipa meza mgongo, anaandika. Kwenye meza kulikuwa na karatasi moja imefunikwa. Alikuwa amemaliza yake, akangoja kidogo, akahamia kwa Rosalie kufanya ya Rosalie. Aliandika saba zenye kistari katikati, saba za Rosalie. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akanyoosha mikono yote miwili, akazigeuza karatasi pamoja. Zililingana, sasa zingekataaje. Aliziangalia kwa furaha ndogo ambayo ilinichoma kuliko kidonda chochote nilichokifunga mwaka ule.

Niliufunga mlango taratibu, mimi ambaye huwa nafunga milango kwa kisigino. Nilipaswa kusema. Sikusema, na nalisema hapa ili ijulikane kwamba kosa lililofuata lina mkono wangu pia.

Mwezi uliopita, mvua zilipoanza, muuzaji wetu wa kawaida aliishiwa, bidoni likaja kutoka kwa mwingine. Lilikuwa la rangi ileile ya buluu, kifuniko kilekile chekundu. Siku ya Alhamisi Philippe alikaa kwenye kigoda chake akakokotoa lita tano za sabini, akahamia dirishani akakokotoa tena, akageuza, zikalingana. Akamimina. Kwa desturi yake mchanganyiko ungelala usiku mmoja upoe ndipo apime ukali wake kwa kijiti cha kioo kinachoelea, lakini wodi ya wazazi ilikuwa imekaukiwa na wakaomba. Akawapa chupa, na mimi akanipa moja.

Ijumaa asubuhi alikuja chumbani kwangu akiwa hana rangi usoni. Aliniomba chupa yangu. Nilimwambia ningali naitumia, akaichukua tu, akaenda wodi ya wazazi akachukua na zao. Nilimfuata. Kijiti kilikuwa kinaelea ndani ya silinda kwenye mstari wa sitini na sita. Alikuwa ameligeuza bidoni, na lebo ilisoma tisini. Yeye alikuwa ameandika tisini na tano kwenye karatasi yake, kwa mazoea ya maisha yake yote, na mtu wa karatasi ya pili alikuwa na mazoea yaleyale kwa sababu alikuwa ni yeye.

Nilimwambia digrii nne haziui mtu, na ni kweli, hakuna kidonda kilichoharibika wala mtoto aliyepata homa. Alivua koti, akaenda mwenyewe kwa Masœur Stéphanie, mtawa anayesimamia zahanati, akajishtaki.

Masœur si mtu mbaya. Aliziomba karatasi zote mbili, akaziangalia, akauliza ya pili ni ya nani. Philippe alisema ni ya Rosalie. Masœur anajua fika Rosalie yuko wapi, na kila misa anaombea njia zifunguke. Kisha akasema kwa upole jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kuliko ukali: mpaka Jumatatu Philippe ataje mtu wa pili aliyepo, mwenye macho na miguu mle ndani, la sivyo meza ya farmasi itafungwa na zahanati itanunua alkoli iliyokwisha kutengenezwa. Philippe alimwambia Rosalie atarudi. Masœur akasema anatumaini hivyo, lakini Jumatatu ni Jumatatu.

Nilimkuta nje amekaa kwenye ngazi. Nilimuuliza kwa nini asinitaje mimi, namba nazijua kidogo na ulimi wa kusoma kwa sauti ninao. Alisema kiti cha mtu aliye hai hakijazwi. Akimweka mtu pale, alisema, itakuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba Rosalie harudi, na akishatangaza yeye, nani atabaki wa kumngoja? Nilikaa naye mpaka mvua ikatufukuza.

Rosalie hupiga simu Jumapili saa nane mchana, Sylvie akiwa amelala. Jumapili ile Philippe aliniomba niwepo. Alikuwa na mpango, akaniambia, na alitaka shahidi. Nikaenda baada ya misa na sahani ya bukari, ule ugali wa huku, na samaki, kwa sababu ninajua anavyopika. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, tukakaa uani, simu juu ya kiti katikati yetu na sauti imefunguliwa.

Alimsimulia mkewe yote, bila kujificha: bidoni, kijiti, sitini na sita, Masœur. Rosalie hakumkatiza. Alipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Karatasi ya pili ilikuwa ya nani?"

"Ya kwako," Philippe akasema.

"Minye ndiye naliandika?"

"Minye naliandika. Mu nafasi yako."

Nilisikia pikipiki ikipita huko Bukavu, na jogoo. Nilidhani mtandao umekatika. Philippe naye alidhani hivyo, akainamia simu na kuutoa mpango wake harakaharaka. Kila asubuhi atampigia. Atamsomea namba, Rosalie atafanya calcul kule aliko, naye atafanya ya kwake hapa, halafu watatajiana. Vocha atanunua yeye. Itakuwa kama zamani, ila kigoda kimoja kiko mbali.

"Calcul naweza kufanya, Baba Jenny," Rosalie akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Hata mu giza naweza kufanya. Lakini bidoni siwezi kusoma toka huku. Weye utanisomea tisini na tano, na minye nitaandika tisini na tano."

Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alikuwa akimshika Philippe kwenye hesabu, na sasa alikuwa amemshika tena kutoka upande wa pili wa nchi.

"Nakuwaza," Philippe akasema. "Kila siku nakuwaza. Nikiweka mutu pale, minye nitakuwa na nini?"

"Najua. Na minye nakuwaza. Usiku namugeuza Sylvie, nahesabu saa, nakuona ku nyumba unatafuta miwani." Akavuta pumzi. "Docteur alisema Sylvie hatatembea tena. Siwezi kumuacha. Mwaka huu sitakuya, Baba Jenny. Mwaka wenye kuja, sijue. Nilikuwa naogopa kukuambia. Patia Mama Michelle kiti."

Kisha akaniita mimi, kana kwamba alijua tangu mwanzo nimekaa hapo nimeshikilia sahani. Aliniambia nimsomee kwa sauti, kila mara, hata akilalamika, kwa sababu yule bwana iko na kichwa nguvu. Nilisema ndiyo, dada. Nilitaka kusema mengine, lakini mtandao ukatuacha, na safari hii ulikuwa umekatika kweli. Philippe alibaki ameitazama simu mpaka kioo kikazima. Bukari lilipoa, tukalila hivyohivyo.

Jumatatu niliingia farmasi kwa kubisha. Philippe alikuwa amekusanya zile chupa zote kwenye silinda kubwa: lita nne na nusu za digrii sitini na sita, nusu lita ilikuwa imekwisha tumika. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuipandisha ile hadi sabini kwa kuiongezea alkoli ya kwenye bidoni. Nililigeuza bidoni nikasoma kwa sauti, tisini, mpaka mama mmoja aliyekuwa nje akajibu "naam". Philippe alinieleza njia ya msalaba: andika sabini katikati, toa kwa mshazari. Sabini toa sitini na sita ni nne, hizo ni sehemu za alkoli kali. Tisini toa sabini ni ishirini, hizo ni sehemu za alkoli dhaifu. Nne kwa ishirini. Akanipa karatasi, akanielekeza kigoda cha dirishani bila kukitazama.

Nilikalia ukingo wake tu. Ni miaka arobaini tangu niache shule, na jasho lilinitoka kwa ajili ya namba ambazo mtoto wa mitihani angezimaliza akitafuna muhogo. Tukageuza. Yangu ilisema lita ishirini na mbili na nusu. Bidoni lenyewe lina ishirini. Philippe aliitazama, shavu likamchezacheza, lakini sheria ni sheria. Akachukua karatasi mpya, nami nikachukua mpya, tukapeana migongo. Mara ya pili nilikosea pia. Hakuguna, hakukohoa, alianza upya pamoja nami, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi mtu anavyoweza kumpenda mwingine kupitia namba tupu. Mara ya tatu tuligeuza, na zote mbili zilisema mililita mia tisa.

Likabaki daftari. Kila ukurasa una safu mbili zilizochorwa kwa rula, na juu yake majina mawili, Philippe na Rosalie, kwa wino wa miaka yote hiyo. Alilifungua ukurasa mpya. Nilifikiri atakata jina lile na kuandika langu, na nilikuwa nimejiandaa kutazama pembeni. Aliandika jina lake. Aliandika la Rosalie. Kisha akachukua rula, akasogeza mistari ibanane kidogo, akachora safu ya tatu upande wa kulia, na juu yake akaandika Michelle. Ile ya katikati aliiacha tupu.

Nilimuuliza kama Masœur ataikubali safu isiyo na kitu.

"Iko na mwenyewe," akasema. "Siku atakuya, atakuta nafasi."

Nikatia sahihi kwenye yangu, nikalishikilia bidoni, naye akamimina.